Siku Mbili za Kusimamisha Chupa

Mwezi uliopita nilivua aproni yangu nikamkabidhi Mama Espérance, hapa Walikale, katika jiko la nyumba ya wageni ya parokia. Yeye akanipa daftari na kalamu mbili, akasema, "Papa Célestin, utuandikie kazi. Ile yenye hatukusomea." Nilimjibu kwamba kupika hakuandikwi. "Basi andika yenye haipikwi," akasema, akarudi kwenye sufuria zake. Nimejaribu. Anayetafuta humu jinsi ya kupanda cheo katika jiko la mapadri asijisumbue. Cheo ni kimoja tu, mpishi, na juu yake kuna askofu.

Nilianza katika misheni moja ya milima ya Masisi, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Kingi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeoa, na nilikuwa nimelima maharagi na mihogo pamoja na baba yangu hadi mgongo ukaanza kunisemesha. Mpishi mkubwa aliitwa Papa Shamavu, mtu wa maneno machache, mwenye vidole vilivyoungua mara nyingi mno hata haviogopi tena sufuria. Siku ya kwanza hakunipa kisu. Alinipa kuni mbichi akaniambia nichemshe maji. Kwetu mlimani mvua haiulizi msimu, na kuni kavu ni bahati ya mtu. Nilipuliza moto mpaka machozi yakakauka. Maji yalichemka saa sita mchana. Papa Shamavu akayaonja kwa kijiko, nasema kweli, aliyaonja maji, kisha akasema, "Inanuka moshi. Rudilia." Kwa wiki mbili nilipika maji peke yake. Ninyi mnaowasha gesi kwa kidole mtacheka, lakini anayejua kuchemsha maji bila kuyanusisha moshi hashindwi na mchuzi.

Padri mkubwa aliitwa Anselme, Mbelgiji mrefu aliyesikia kwa sikio moja tu, na alichagua mwenyewe ni lini. Mwaka wangu wa tatu nilimwambia kwamba jibini tulilotengeneza wiki ile lilinuka mikaratusi. Alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi akisoma gazeti. Siku chache baadaye mchungaji akakiri kwamba ng'ombe walikuwa wamelala chini ya mikaratusi kwa sababu ya mvua. Asubuhi iliyofuata Padri Anselme akachukua taa, akanipeleka kwenye kave.

Kave ilikuwa chumba cha mawe chini ya nyumba, ngazi kumi na moja za kushuka, baridi mwaka mzima. Humo ilikaa divai ya misa katika madumu ya kioo. Ilikuwa ile divai tamu inayoongezwa pombe kali wakati wa kutengenezwa, kwa sababu divai ya kawaida ikifunguliwa hugeuka siki haraka, na Padri Anselme alisema Bwana alikwisha kupewa siki mara moja, inatosha. Lakini ukutani kulikuwa na chupa nyingine, nyeusi, zenye vumbi, zisizo za misa. Ndugu yake alikuwa amezituma kwa masanduku miaka mingi kabla yangu, na wengi wa waliopangiwa kuzinywa walikuwa wamekufa ao wamerudi kwao. Zilikuwa Porto na Madère, divai kali za Ureno. Lebo moja ilikuwa na mwaka ambao hata baba yangu alikuwa hajazaliwa.

Kila chupa ya Porto ilikuwa na doa la chokaa begani. "Inalala doa juu," Padri aliniambia kwa Kiswahili chake cha mlimani. "Ukiigeuza, machicha yote inaamuka." Porto ya umri ule, kabla ya kuifungua, unaisimamisha wima siku mbili bila kuigusa, ili machicha yashuke chini. Madère haina shida hiyo. Inakaa imesimama miaka yote, imekwisha kupikwa na joto huko ilikotoka, na hakuna kinachoitisha tena. Unafungua, unamimina.

Kizibo cha chupa nzee ni unga unaosubiri kuguswa. Kwa hiyo Padri alikuwa na koleo lenye mdomo wa mviringo, alilofuliwa na fundi chuma wa Kingi. Unaliweka kwenye makaa mpaka liwe jekundu, unaikaba shingo ya chupa chini ya kizibo, unahesabu polepole hadi sitini. Unaliondoa, kisha unapitisha kitambaa chenye maji baridi. Shingo inalia tik, inakatika pamoja na kizibo chake, safi. Halafu unamimina bila kutetemeka, mshumaa ukiwa nyuma ya bega la chupa, na mara unapoona machicha yanakuja shingoni kama moshi mdogo, unaacha. Katika miaka yote ile nilifanya kazi hiyo mara nne. Sikuwahi kuonja. Padri hakunikataza. Ni mimi niliyeona kwamba mlinzi akionja anachokilinda, ameanza kulinda kitu kingine.

Vita vilipotufikia mara ya kwanza, askari waliingia jikoni wakitaka pombe. Mlango wa kave tulikuwa tumeufunika kwa rundo la viazi. Niliwapa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ndani ya jagi la kioo la Padri. Mkubwa wao akaonja, akauliza kama hiyo njo divai ya wazungu. Nikasema ndiyo. Akaonja tena, kisha akasema, "Wazungu wanateseka." Wakaondoka na kuku wawili. Niliicheka hadithi hiyo kwa miaka. Siku hizi naisimulia tu.

Papa Shamavu alikufa kitandani mwake, jambo ambalo kwetu si dogo, nami nikabaki mpishi. Padri Anselme aliugua, wakaamua arudi kwao. Siku ya kuondoka aliomba nimshushe kave. Tulichukua muda mrefu kwenye ngazi zile kumi na moja. Zilikuwa zimebaki chupa tatu, Porto mbili na Madère moja. "Hapana kuwekea askofu," alisema. "Kunywa na watu wenye unapenda. Na usiharakishe." Alifariki Ulaya kabla mwaka haujaisha.

Watu niliowapenda walikuwa watatu. Abbé Justin, paroko wetu kijana, mwana wa Sake, alikuja baada ya Padri Anselme na alikula chochote ilimradi kiwe na pilipili. Mwalimu Bauma aliongoza shule ya misheni. Mke wake, Mama Régine, alikuwa muuguzi wa kituo cha afya. Mke wangu alikuwa amekwisha kufariki, watoto wangu wako Goma, na Jumapili nyingi nilikula kwa Bauma, chakula ambacho angalau siku hiyo sikukipika mimi. Mama Régine alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu usichana wake, ule wa kujichoma sindano kila siku. Friji ya kituo ilipokufa, alianza kuweka dawa yake kwenye ngazi ya mwisho ya kave. Kila asubuhi alipita jikoni, akashuka, akapanda, akaniambia nimepika vitunguu vingi mno.

Jumatatu moja, miaka mitatu iliyopita, Abbé Justin aliingia jikoni akiwa na simu mkononi.

"Papa Célestin, bunduki ziko karibu. Tunashuka. Kuna camion ya viazi inaenda Sake kesho asubui, na ingine siku mbili nyuma yake. Zile chupa za Padri Anselme hatuwezi kuachia watu wa bunduki. Leo saa kumi tukunywe na Mwalimu na Mama Régine, kesho tuende."

Nikasema, "Abbé, Porto imelala miaka mingi. Ukiifungua leo, utakunywa matope. Unipe siku mbili niisimamishe."

"Siku mbili, Papa?"

"Njo sheria yake."

Akacheka. "Mupishi amekuwa askofu. Sawa. Tutapanda ile camion ya pili."

Mama Régine alipopita mchana nilimweleza. Alishuka kave, akarudi na kichupa chake, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii inanifikisha siku ya ijumaa," alisema. "Alhamisi niko Goma, nitapata ingine. Siku mbili haina shida. Tena miye nataka kuonja."

Nilisikia vizuri. Niliona pia jinsi dawa ilivyobaki kidogo ndani ya kichupa. Na nitawaandikia jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mitatu: wakati ule ule liliniingia wazo la Madère. Ilikuwa imesimama tayari. Ningeweza kusema, "Abbé, tukunywe Madère leo, Porto tuzivunje kwenye mawe, kesho twende." Wazo lilikuja, nikalitazama, nikaliacha lipite. Nilitaka kulitia koleo motoni. Nilitaka watu watatu ninaowapenda waone kwamba kijana aliyepika maji wiki mbili alijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua kutoka kwetu mpaka Goma.

Tulikula Jumatano saa kumi, kwa sababu baada ya saa kumi na mbili hakuna aliyeruhusiwa kutembea. Nilipika kuku na sombe ya majani ya mihogo, viazi vya kukaanga, na mezani niliweka jibini zima la mlimani, la mwisho. Nyuma ya kilima kulikuwa na mlio kama mtu anayeangusha mbao. Abbé akaomba pilipili. Mwalimu Bauma alikuwa amevaa koti lake la mitihani ya serikali.

Porto ya kwanza ilikatika vizuri. Nilipoinusa nikajua. Ilikuwa imekufa, ilinuka sakafu ya chumba kilichofungwa, na rangi yake ilikuwa ya chai iliyolala. Nilimimina kidogo kwa kila mtu, kwa sababu hata maiti huonyeshwa kwa ndugu.

"Ni hii njo tulingojea?" Abbé akauliza.

"Hii imekwisha kwenda," nikasema.

Ya pili ilikuwa hai. Nilionja kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Kwanza ilikuja kama asali ya msituni, ile nyeusi. Halafu maganda ya kahawa, halafu kitu kama jalada la ngozi la kitabu cha misa. Bauma alifumba macho. Lakini haikudumu. Kabla hatujamaliza jibini, ilikuwa imeanza kuchoka ndani ya glasi, kama mgonjwa aliyeinuka kupokea wageni kisha akaomba arudishwe kitandani.

Nikaleta Madère. Kizibo chake kilitoka kwa mkono. Harufu iliijaza meza kabla sijamimina: sukari iliyoungua, karanga, ganda la chungwa lililoanikwa juu ya jiko. Ilikuwa kali na tamu kwa pamoja, na kila ulipodhani imekwisha mdomoni, ilirudi. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Nilijua maana yake pale pale, kwamba tungeweza kuinywa Jumatatu, huku nikitabasamu.

Mama Régine alichovya ncha ya kijiko tu, kwa sababu ya sukari. Aliiweka ulimini.

"Iko kama kasiksi ya marehemu baba," alisema, "lakini yenye ilisoma université."

Tulicheka mpaka Abbé akapangusa macho. Bauma akamshika mke wake mkono mbele yetu, jambo ambalo walimu wa umri wake hawafanyi. Sitasema uongo kwamba chakula kile hakikuwa kizuri. Laiti kingekuwa kibaya.

Alhamisi asubuhi camion haikuja. Saa mbili tukasikia milio upande wa Sake, na watu wakaanza kupanda kutoka chini badala ya kushuka, wamebeba magodoro. Barabara ilikuwa imefungwa. Camion ya Jumanne ilikuwa imefika salama, tulisikia baadaye. Ilibaki njia moja, magharibi, kushuka mlima kwa nyuma na kuingia msituni hadi Walikale. Abbé alifunga kanisa. Mimi nilibeba sufuria moja, unga na kisu. Koleo nililiacha kwenye majivu.

Mama Régine alikuwa muuguzi, hakuhitaji kuelezwa. Njiani alianza kujichoma nusu ya kipimo, kisha robo. Siku ya nne kichupa kilikwisha. Tulipita vituo viwili vya afya. Cha kwanza kilikuwa tupu, milango imeng'olewa. Cha pili kilikuwa na muuguzi mmoja na mamia ya watu mlangoni. Alimjibu kwa upole, kama wenzi wa kazi wanavyojibiana, "Dada, ile dawa hatujaiona tangu mwaka jana." Mama Régine akamshukuru, akamwonyesha namna bora ya kufunga jeraha la mtoto aliyekuwa mbele yake, tukaondoka.

Kisha ikaja kiu. Alikunywa kila kijito tulichovuka. Bauma alipata tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akamkalisha juu yake kwenye mteremko, na panapopanda mimi na Abbé tulisukuma. Matope ya msituni yaliposhinda magurudumu, vijana wa njiani walitutengenezea kipoyi kwa miti miwili na kitenge, tukambeba mabegani. Mvua haikutuacha. Siku ya saba nilikuwa nimeshika upande wa kichwa chake, na pumzi yake ikanifikia puani. Ilinuka ndizi zilizoanza kuwa pombe. Pua yangu, ambayo Padri Anselme aliifundisha, ilitambua kabla ya mimi kwamba sukari imemshinda. Nilibadilishana nafasi na Abbé, nikasema bega linaniuma.

Alifariki siku ya tisa, mchana, mwendo wa siku moja kabla ya Walikale. Familia moja ya kijiji kile ilitupa nafasi kando ya shamba lao la mihogo. Abbé Justin alisoma sala bila kitabu. Mwalimu Bauma alichimba mwenyewe, akiwa amevaa lile koti, na hakukubali mtu amsaidie mpaka udongo ulipofika kifuani mwake.

Hapa Walikale mapadri walinipokea jikoni mwao, nanyi mnajua yaliyofuata kwa sababu wengi wenu mlikuwapo. Mlisema ni mpishi mkali asiyecheka. Mlisema pia, nilisikia, kwamba Papa Célestin anatupa chakula kizuri cha mtu kwa sababu kimechelewa dakika tano. Ilikuwa kweli, na sababu mnaisoma sasa. Abbé Justin alipelekwa parokia nyingine. Bauma alipata darasa la watoto wa waliokimbia vita. Anakaa nyumba mbili kutoka jiko letu.

Wiki niliyovua aproni nilikwenda kwake. Ilikuwa mchana, alikuwa anasahihisha madaftari mlangoni. Nilimweleza yote: camion ya kwanza, kichupa kwenye mwanga wa dirisha, Madère iliyokuwa imesimama. Nilisema hadi mwisho bila kukaa.

Aliendelea kushika kalamu nyekundu.

"Nilijua," alisema. "Régine aliniambia njiani, siku ya tano. Alisema, Célestin atakuja kujilaumu sababu ya zile chupa, usimuongezee neno. Alisema yeye mwenyewe alihesabu dawa, na alitaka kuonja, na miye nilitaka kuvaa koti. Tulikuwa watu wane ku ile meza."

Ndipo nikakaa chini.

"Lakini usifikiri nilikuachilia," akasema. "Alinikataza kusema, hakunikataza kukasirika. Miaka tatu unaniita kula, na miye nasema nimeshiba. Nilikuwa na njaa, Célestin. Sikuweza tu kula mukono wako."

Kuku wa jirani walipita kati yetu. Alifunika kalamu.

"Leo umepika nini?"

"Maharagi na mboga ya lengalenga."

"Leta."

Nilikwenda, nikarudi na sahani iliyofunikwa. Aliisogeza juu ya madaftari, akanawa mikono, akala taratibu bila kuniangalia. Alikula nusu, akakaa kidogo, kisha akaimaliza. Alipanua vidole vyake, akavitazama.

"Chumvi imezidi," alisema.

Ilikuwa kweli.